Kifua cha Mwoka Mikate

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kati, ni mwoka mikate, lakini mtaani hawamwiti hivyo. Wanamwita Kifua. Watoto wa shule wakimwona anapita na trei begani wanaitikiana, "Kifua, Kifua," naye huinua mkono mmoja bila furaha wala hasira, kama mtu anayefukuza inzi. Wanaomwita hivyo wanamheshimu, na sijasikia hata mmoja akilitamka jina hilo kwa ubaya. Ndiyo maana ni vigumu kuwaambia waache.

Sisi tulizaliwa wasichana watatu. Mkubwa ni mimi, anafuata huyu aliyeolewa na mwoka mikate, halafu kitinda mimba wetu, ambaye surua ilimchukua macho kabla hajajua kutaja rangi. Mama alipotutoka nikabaki nao. Yule mdogo alikua na vidole vyepesi, akawa msusi. Anasukia kibarazani, mbele ya chumba chetu, kwenye kiti kimoja cha mbao na kikapu cha vitana. Wateja wageni huja na huruma zao. Akimpata mmoja anayemhurumia mno, anayeuliza maswali ya pole-pole kama anaongea na mgonjwa, humkaza nywele za kisogoni mpaka machozi yamlengelenge, kisha anamwomba radhi kwa sauti tamu kabisa. Nimemkanya mara nyingi. Anasema, "Dada, nami ninamhurumia."

Kukimbia alianza na ukuta. Shule ya jirani ina uwanja wenye ukuta mrefu upande mmoja, na tangu usichana wake alikuwa akipenda kwenda pale jioni, anaweka kiganja ukutani na kukimbia mpaka ukuta unapoishia, anageuka, anarudi. Kiganja chake kilikuwa na sugu kama cha mpasua kuni. Huyu bwana alipokuja kumchumbia dada yake, siku ya pili tu alimkuta pale, akasimama akamtazama, kisha akaenda kuvua kamba ya aproni yake ya kazini. Akamfunga ncha moja mkononi, nyingine akajifunga mwenyewe, akamwambia aachane na ukuta.

Msusi aliniambia baadaye kwamba siku hiyo ndiyo alijua uwanja una kona.

Tangu hapo kila jioni, tanuri likishazimwa, walikuwa uwanjani. Mwoka mikate alikuwa mkimbiaji mzuri tangu ujana, ila hakupata wa kumshika mkono. Walikuwa wakitaniana njia nzima, kama shemeji na shemeji wanavyotaniana. Yeye anamwambia, "Leo miguu yako ina usingizi, umesuka wateja au wamekusuka wewe?" Msusi anajibu, "Wewe nyamaza, unanuka hamira mpaka kuku wanakufuata." Mdogo wangu wa kati alikuwa akicheka akisema ameolewa yeye lakini mume wanagombania wawili. Nyumba ilikuwa na kelele nzuri siku zile. Nilikuwa nikimshukuru Mungu kwa kelele zile bila kujua kwamba nazo zina mwisho.

Sasa, mbio za mtu asiyeona zina sheria zake, na lazima niieleze moja, maana mambo yote yako hapo. Mwongozaji anakimbia ubavuni kwake, wamefungwa kikamba kifupi mkono kwa mkono. Haruhusiwi kumvuta wala kumsukuma. Na kwenye mstari wa mwisho ni lazima asiyeona atangulie. Mwongozaji akipitisha kifua mbele yake, hata kwa upana wa kidole, wanafutwa wote wawili kana kwamba hawakukimbia.

Wao walikuwa na namna yao ya kulishika hilo. Wakibakiza hatua chache, mwoka mikate alikuwa akisema neno moja, "Nenda," na hapo hapo analegeza mkono na kurudisha bega nyuma. Msusi akisikia "nenda" anatoa kila alichonacho. Walilifanya hilo jioni ngapi, Mungu ndiye anajua. Hata nyumbani, akimpisha mlangoni, alikuwa akimwambia "nenda," na msusi anapita akicheka.

Akaanza kushinda. Chama cha riadha kikamsikia, na mwishowe kikaleta habari kwamba kuna mashindano ya dunia ya walemavu, na nchi itapeleka jozi moja tu ya asiyeona na mwongozaji wake, nao ndio hao. Msusi hakuwa binti mdogo tena. Wasichana wengine walikuwa nyuma yake wanapanda, wana pumzi mpya, na yeye alijua kwamba safari hii ndiyo yake na hakuna nyingine itakayokuja. Hakuongea sana. Ila nilimwona usiku akikunja na kukunjua ile kamba ya aproni, kama mtu anayehesabu tasbihi.

Nilimuuliza kwa nini anaitaka safari hii kuliko chochote, wakati hapa kwetu wanampenda na wanampigia makofi.

"Hapa wananipigia makofi hata nikijikwaa," alisema. "Dada, kule wanakuja wenzangu wote wakali. Na wote wanafungwa kitambaa macho, hata yule asiyeona kabisa, ili pasiwe na wa kuonewa wala wa kupendelewa. Nataka mara moja nikimbie mahali ambapo hakuna anayenihurumia."

Mwoka mikate akaenda kumwomba bosi wake wa kiwanda cha mikate ruhusa. Bosi si mtu mbaya. Ni mnene, mcheshi, anapenda mpira na riadha kuliko chakula, na ofisini kwake amebandika picha za wachezaji mpaka huoni rangi ya ukuta. Alisikiliza, akauliza, "Kwani vipofu nao wana dunia yao?" Wafanyakazi walicheka, na mwoka mikate naye, kwa kutaka kupewa ruhusa, alicheka kidogo. Kicheko hicho alikuja kukiungama kwetu wakati wa chakula, naye msusi akamwambia ale, mkate wake unapoa.

Ruhusa hakuipata, lakini bosi alikuwa na jambo lake. Mwaka ule mashindano ya riadha kati yetu na nchi jirani yalikuwa yanafanyika hapa kwetu. Ukiyapima, ni mashindano madogo. Wakimbiaji wakubwa wa dunia hawayajui, na hata wa kwetu walio wakubwa hawaji, wanatoa sababu za misuli. Lakini kwa mashabiki hakuna kikubwa kuliko hayo, kwa sababu kule dunia nzima inakushinda na hakuna anayekucheka, bali hapa akikushinda jirani utalisikia kwenye simu, sokoni, kwa shemeji yako aliyeoa huko, mpaka mwaka mwingine. Watu wa mtaa wetu wasingeweza kukutajia bingwa mmoja wa dunia, lakini walijua kwa majina waliotushinda nyumbani kwao mara ya mwisho, na waliwakumbuka kama mtu anavyomkumbuka aliyemwibia.

Timu ya mbio za kupokezana vijiti ilikuwa imepungukiwa mtu wa mwisho, yule wa kumalizia. Kocha wake alikuwa amemwona mwoka mikate pale uwanjani akikimbia na msusi, akapenda miguu yake, na kocha na bosi walikuwa wanakaa meza moja. Basi bosi akasema waziwazi: kimbilia nchi yako kwa majirani, nami nitakupa siku zote za kwenda huko kwa vipofu, na mshahara wako hautaguswa. Ukikataa, tanuri linakungoja.

Alirudi nyumbani amenyong'onyea. Mke wake alisema akubali, kwani wana watoto na kazi haiokotwi. Msusi ndiye aliyemaliza maneno. Alisema, "Shemeji, nenda," akalitamka neno lile kwa namna yao, na wote wakacheka. Mimi pia.

Mwoka mikate alikubali kwa ajili ya msusi. Ninalisema hili mapema ili mtu asije akamhukumu.

Kocha wa vijiti alikuwa na sauti kama ya mnadi. Mkimbiaji wa mwisho, alisema, hashindi kwa miguu, anashinda kwa kifua. Hatua za mwisho unautupa mwili mbele, kifua kinatangulia, kichwa kinafuata, miguu itajua yenyewe. Aliwakimbiza mistarini asubuhi na alasiri, naye akisimama pembeni akipiga kelele, "Kifua. Kifua. Kifua." Mwoka mikate alikuwa akifika kwa msusi jioni amechoka, wanazunguka uwanja mara chache, wanarudi. Hata usingizini, mke wake alisema, alikuwa akishtuka kwa kuinuka kifua.

Siku ya mashindano mtaa mzima ulihamia uwanjani. Bosi alifunga tanuri, akakodi magari, akawavalisha wafanyakazi fulana. Mimi sipendi makelele, nilikwenda kwa sababu ya hawa wangu wawili. Katikati ya michezo, watu wakipumzika, waliweka mbio fupi ya wasioona, ya maonyesho tu, jozi tatu. Watu walikuwa wananunua vinywaji. Msusi na mwoka mikate walikuja wa pili, na makofi yakapigwa kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa na chupa.

Walipofika kwetu msusi alikivua kikamba mkononi. Kisha akasema, "Shemeji, umenitangulia."

"Wapi?"

"Kwenye mstari. Bega lako lilikuwa mbele ya langu. Na hukusema nenda."

Mwoka mikate akatazama walikosimama waamuzi. Walikuwa wanacheka na kupiga picha. Akasema hakuna aliyeona.

"Mimi nimeona," akasema msusi.

Waamuzi nao waliona, nina hakika, maana mmoja alikuwa amesimama palepale mstarini. Lakini nani amfute kipofu kwenye maonyesho? Wakamvika medali, wakamshika mabega, wakamgeuzia kwenye kamera. Aliivua kabla hajakaa, akaitia kwenye mfuko wa sketi yake. Mpaka leo sijui iko wapi.

Jioni ile mbio za vijiti zikaja. Mwoka mikate alipokea kijiti akiwa nyuma ya jirani zetu, na alipofika kona ya mwisho uwanja ulisimama wote, hata mimi. Wakaja sambamba. Kwenye mstari akautupa mwili wake mbele kama mtu anayedondoka dirishani, akaanguka, akajiviringisha, na kifua chake kilikuwa kimepita kwanza. Sijawahi kusikia sauti kama ile. Watu wazima walilia. Bosi alimbusu mtu asiyemjua. Na kocha akaruka uzio akipiga kelele neno lake, na uwanja ukalidaka, "Kifua, Kifua," mpaka tulipofika mtaani walikuwa wanaliimba.

Hapo ndipo alipolipata jina.

Bosi alitimiza ahadi, sitamsingizia. Katika majuma yaliyobaki hawa wawili walirudi uwanjani kwao, na kila jioni walifanyia kazi hatua za mwisho. "Nenda," analegeza mkono, anarudisha bega. Tena. Msusi alimfanyisha mpaka mwenyewe akaridhika, akasema sasa shemeji yangu amerudi. Nikawafungia vitu vyao, nikawaombea, wakaondoka.

Kilichotokea kule nimekisikia kwa kila mmoja kwa wakati wake, na maneno yao hayapishani.

Mchujo waliupita vizuri. Walikuwa mbele kwa mbali, mwoka mikate akasema "nenda" mapema, akabaki nyuma, hakuna neno. Msusi alinipigia simu akicheka. Alisema wenzake ni wakali kweli, mmoja alimgonga kwa kiwiko wakati wa kupasha misuli na hakuomba msamaha, na kwamba hajawahi kufurahi kiasi hicho kugongwa. Alisema hakuna aliyemshika mkono kumwonyesha choo, aliuliza akaelekezwa, basi.

Fainali ilikuwa ya jozi nne. Kona ya mwisho walikuwa wa tatu, na jozi ya nne ikawafikia. Wakaja bega kwa bega. Msusi anasema alizisikia pumzi za yule mwanamke mwingine shingoni mwake, na alikuwa anasubiri neno. Alikuwa amebakiza nguvu zake zote kwa ajili ya neno lile. Mwoka mikate anasema aliuona mstari, akamwona mtu ubavuni, na baada ya hapo hakumbuki kitu mpaka alipojikuta ameinama, kifua kiko mbele, mikono iko nyuma.

Hakusema nenda. Msusi alijua kabla yake. Anasema kikamba kilikaza upande wa mbele, upande ambao hakijawahi kukazia, na alijua.

Walikaa wakisubiri picha ya mashine. Ilipotoka ilionyesha kila kitu bila ubishi. Kifua cha msusi kilikuwa kimemtangulia yule mwanamke wa nne kwa upana wa kiganja. Nafasi ya tatu ilikuwa yake. Na mbele ya kifua cha msusi, kwa upana wa vidole viwili, kilikuwa kifua cha mwoka mikate.

Mwamuzi alikuja akawaambia kwa maneno machache, akamtaja msusi kwa namba yake, akaondoka. Hakumshika bega.

Sisi nyumbani hatukuona lolote, maana hakuna televisheni iliyoonyesha. Mke wa mwoka mikate alipigiwa simu nikiwa naye dukani. Alisikiliza, akaketi juu ya gunia la sukari. Kwenye televisheni ya yule muuza duka walikuwa wanarudia mbio zetu za vijiti, kwa mara ya ngapi sijui, na mtu mmoja pale akamgeukia akamwambia kwa moyo mweupe, "Shemeji, tazama, mumeo huyo."

Waliporudi bosi aliwaandalia chai pale kiwandani, na keki yenye kiatu cha sukari juu yake. Alikuwa na nia njema. Alimsifu mwoka mikate kwa ajili ya majirani, akaeleza upya lile anguko lake kwenye mstari, wafanyakazi wakalisimulia naye sehemu sehemu. Mwoka mikate alikuwa anatazama sakafu yenye unga. Kisha bosi akamgeukia msusi, akapunguza sauti, ile sauti ya kuongea na mgonjwa, akasema asihuzunike, kwani kwa hali yake kufika tu kule ni medali tosha.

Msusi aliweka kikombe chini polepole, akakitafutia mahali kwa vidole.

"Hapana, bosi," alisema. "Nilikosea nikafutwa. Hapa kwenu nilikosea kosa lile lile mkanivisha medali. Kule ni mahali pekee nilipowahi kufutwa kama mtu mwingine yeyote. Usininyang'anye hilo nalo."

Hakuna aliyelielewa pale. Bosi alisema, "Vizuri, vizuri," akaagiza keki ikatwe. Na mwoka mikate, ambaye ndiye peke yake aliyelielewa, aliinuka akaenda kuangalia tanuri ambalo halikuwa na moto.

Chama kilimchukua binti mwingine kwa safari zinazofuata, mwenye mwongozaji wake. Ni haki yao. Msusi alimsukia nywele yule binti kabla hajaondoka, akamkalisha muda mrefu akimfundisha jinsi ya kusikiliza bega la mwongozaji. Hakumkaza hata unywele mmoja.

Nimewaombea sana hawa wawili. Hakuna ugomvi wa kusuluhisha, ndiyo tabu yenyewe. Msusi alimwambia mara moja tu, mbele yetu, kwamba amemsamehe, na mimi ninamjua, hasemi asilolimaanisha. Lakini mwoka mikate tangu hapo hakurudi uwanjani, na utani umemtoka. Msusi anajaribu. Anamwambia ananuka hamira, kuku wanamfuata, naye anajibu, "Ndiyo, shemeji." Anamwambia mkate wa leo mgumu kama moyo wa bosi, anajibu, "Pole, shemeji, nitakuletea mwingine," na kweli analeta mwingine. Mlangoni wakikutana anasimama pembeni, anangoja kimya mpaka msusi apite. Lile neno hajalisema tena ndani ya nyumba hii.

Juzi msusi alikuwa na mteja kitini, mama mmoja mchangamfu kutoka mtaa wa pili, na mimi nilikuwa nachambua mchele kando. Mwoka mikate akapita na trei yake. Yule mama akainua kichwa, akamwita kwa furaha, akasema, "Kifua, baba, mtakimbia lini tena tuwatie adabu majirani?" Mwoka mikate akainua mkono, akapita. Yule mama akaendelea kusimulia, kwamba alikuwepo siku ile, kwamba aliona kwa macho yake, kwamba hata akifa leo hakuna kitakachomfurahisha kama kile kifua.

Vidole vya msusi vilikuwa vimesimama. Vilisimama mpaka nyayo za mwoka mikate zilipoishia mwisho wa njia. Halafu akaniuliza jambo ambalo hajawahi kumuuliza mtu tangu aanze kazi ile, yeye ambaye vidole vyake havijapotea njia kichwani mwa mtu hata siku moja.

"Dada," alisema, "nilikuwa nimefika wapi?"

Nikaweka ungo chini, nikamshika mkono, nikamrudishia kidole kwenye mstari.